Prufu ya skrini, ya printa yako, ya labu au ya mkataba: ipi kwa kazi ipi

Kitenge cha buluu iliyokoza, kizuri kabisa kwenye skrini, kinatoka na uzambarau kwenye kalenda. Uso wa bwana harusi aliyesimama chini ya mwembe unageuka doa jeusi kwenye albamu. Shela nyeupe inatoka na ukijani kwa mbali. Makosa haya matatu yana vyanzo vitatu: la kwanza linatokana na wigo wa rangi ambazo wino unaweza kuzitoa, la pili linatokana na skrini yenye mwangaza mkali mno, na la tatu mara nyingi ni taa ya chumba ambamo picha inatazamwa. Hakuna prufu (jaribio la kuona picha itakavyotoka kabla ya kuchapa kazi yenyewe) moja inayoyanasa yote matatu, kwa hiyo huwezi kuchagua prufu kabla ya kujua nani atachapa nakala ya mwisho, kwa mashine gani, na ukikosea utatupa karatasi moja au vitabu elfu mbili.

Njia ziko nne. Ya kwanza ni prufu ya skrini, ambapo programu inaiga karatasi na wino kwa kusoma profaili ya ICC, yaani faili inayoeleza jinsi mashine fulani inavyotoa rangi. Ya pili ni kipande cha majaribio kwenye printa yako mwenyewe ya wino. Ya tatu ni sampuli iliyosafishwa na labu ileile itakayofanya kazi yote. Ya nne ni prufu ya mkataba kwa kazi ya ofseti (uchapaji wa pleti kiwandani, wa nakala nyingi), inayotengenezwa kwa kufuata kiwango cha ISO 12647-7.

| | Skrini | Printa yako | Labu | Mkataba |
|---|---|---|---|---|
| Gharama ya jaribio | Hakuna | Karatasi na wino | Bei ya picha moja na nauli | Kubwa kuliko zote |
| Muda | Sekunde chache | Dakika chache, kisha saa 24 za kukauka | Saa chache hadi siku | Siku au zaidi |
| Inachokionyesha vizuri | Rangi zilizo nje ya wigo | Vivuli, ukali, umbile la karatasi | Matokeo halisi ya mashine ya mwisho | Rangi ambazo mchapaji anawajibika kuzifikia |
| Isichokionyesha | Mng'ao na umbile | Mashine nyingine yoyote | Mabadiliko ya siku nyingine | Vitone vya ofseti |

Msimamo wetu ni huu: prufu hushuhudia mashine iliyoitoa, au ile iliyoelezwa na profaili yake, basi. Kipande kizuri kilichotoka kwenye printa ya Epson L805 ya mezani hakisemi lolote kuhusu Frontier, mashine ya kusafishia picha ya labu. Wapiga picha wengi hupoteza fedha hapo, kwa kuipenda prufu ya mashine moja kisha kuichapa kazi kwa nyingine.

Skrini: bure, na ndiyo hudanganya kuliko zote ikiwa haijasawazishwa

Kompyuta mpakato ikitoka dukani huwa na mwangaza wa kandela 250, 300 au zaidi kwa mita ya mraba. Karatasi iliyo mkononi mwako sebuleni haiukaribii mwangaza huo. Ukiihariri picha kwenye skrini kali namna hiyo utaishusha mpaka ikupendeze, halafu karatasi itatoka giza, na lawama zitamwangukia msafishaji ambaye hana kosa. Lenga mwangaza wa kandela 80 hadi 120, nyeupe ya D65 (weupe wa mwanga wa mchana) na gama ya 2.2 (kipimo cha mwangaza wa ngazi za kati). Kipima rangi cha Calibrite au cha Datacolor kinaifanya kazi hiyo kwa muda mfupi, na programu ya bure ya DisplayCAL, inayoendeshwa na ArgyllCMS, inafanya kazi na vipima vingi, hata vya zamani. Acha skrini iwake nusu saa kwanza, zima kipengele cha kubadilisha mwangaza chenyewe pamoja na kile cha rangi ya joto ya usiku, na urudie zoezi kila mwezi.

Asiye na kipima afanye hivi: afungue ukurasa mweupe mtupu, ashike karatasi nyeupe ya picha kando ya skrini chini ya taa ileile anayotumia kutazama kazi zake, kisha apunguze mwangaza mpaka weupe wa skrini na wa karatasi ulingane kwa macho. Hapo umetibu mwangaza tu, rangi bado haijaguswa, lakini malalamiko mengi ya "picha zimetoka nyeusi" yanaishia hapo.

Skrini ikishakaa sawa, prufu yenyewe ni hatua chache. Kwenye Photoshop fungua menyu ya View, nenda Proof Setup, kisha Custom. Chagua profaili ya karatasi na printa husika. Hakikisha kisanduku cha Preserve RGB Numbers hakina alama, maana kikiwa na alama unaonyeshwa picha ambayo namba zake hazikubadilishwa, jambo ambalo halitatokea kwenye uchapaji sahihi. Weka alama kwenye Black Point Compensation, inayolinganisha weusi wa picha na weusi wa karatasi. Mwisho weka alama kwenye Simulate Paper Color, na hapa uangalie pembeni kabla ya kubofya, kwa sababu picha itapauka ghafla na jicho likiuona mruko huo litaikataa prufu hata kama ni ya kweli. Ficha paneli nyeupe za programu, jaza skrini kwa picha, subiri kidogo, ndipo utazame. Lightroom Classic ina prufu ya aina hii kwenye Develop kwa kubonyeza S, na darktable na GIMP wanayo bila malipo.

Mpauko huo una sababu ya kifizikia. Skrini ya kawaida ya IPS ina tofauti ya takriban 1000 kwa 1 kati ya nyeupe na nyeusi yake. Karatasi nzuri inayong'aa hufikia weusi wenye densiti (kipimo cha kukolea kwa weusi) ya 2.3 hivi, yaani takriban 200 kwa 1. Karatasi isiyong'aa huishia kwenye 1.6, sawa na 40 kwa 1. Ngazi zote za kivuli ulizoziona kwenye skrini lazima zibanwe ziingie humo, na za kwanza kuumia ni zile za nywele, suti nyeusi na ngozi iliyo kivulini.

Namna ya kubana unaichagua mwenyewe. Relative Colorimetric huziacha rangi zilizomo ndani ya wigo zilivyo na kuzisogeza zile za nje hadi ukingoni. Perceptual huibana picha nzima ili uhusiano wa rangi usivunjike. Kwa picha za watu tungeanza na Relative Colorimetric, kwa sababu rangi za ngozi karibu zote zimo ndani ya wigo wa printa na hazihitaji kuguswa. Kwa kanga au kitenge chenye buluu na machungwa yaliyokolea, jaribu Perceptual: Relative ikizisukuma rangi tatu tofauti hadi ukingo uleule, maua ya kitambaa huungana yakawa bapa. Badilisha huku na huku ukitazama kitambaa, siyo uso.

Onyo la wigo, lile linalopaka kijivu juu ya rangi zisizochapika, litumie kwa kiasi. Linakuambia rangi iko nje, halikuambii iko nje kwa kiasi gani. Kuchubua rangi ya kila sehemu iliyopakwa mpaka kijivu kiishe ni kuiua picha bure, wakati profaili ingeisogeza rangi hiyo kidogo tu.

Kuna jambo ambalo skrini hailiwezi kabisa. Skrini ya wigo wa sRGB (wigo wa rangi wa skrini za kawaida) haiwezi kuonyesha baadhi ya sayani (buluu ya kuelekea kijani) na njano ambazo printa ya wino inazitoa. Kwa rangi hizo prufu ya skrini iko kimya, na karatasi inaweza kukupa kitu kizuri kuliko ulichokiona.

Kipande kwenye printa yako

Faida yake kubwa ni kwamba unashika karatasi yenyewe. Hasara yake ni masharti ya profaili, ambayo ni magumu kuliko wengi wanavyodhani. Profaili ya printa ni ndoa ya vitu vinne: mashine, wino, karatasi na mipangilio ya draiva (programu inayoiendesha printa). Ukibadilisha kimoja, imevunjika. Ukijaza tangi za L805 au L1800 kwa wino wa chupa wa kampuni nyingine, profaili iliyokuja na draiva haikuhusu tena, na hakuna mpangilio wa kuburuta vitufe utakaoirudisha. Hapo una njia mbili: urudi kwenye wino wa asili, au uchape chati ya vipande vya rangi na kuipima kwa spektrofotomita, kifaa cha kupima rangi zilizochapwa, ili upate profaili yako. Chati ipimwe baada ya kukauka saa 24. Wino wa aina ya dai (wenye rangi iliyoyeyushwa) hubadilika rangi saa za mwanzo, na profaili iliyopimwa mbichi itabeba kosa hilo kwenye kila picha.

Utaratibu wa kuchapa kipande:

1. Chapa jaribio la nozeli, vitundu vinavyorusha wino. Mstari mmoja uliokatika kwenye majenta (waridi iliyokolea) nyepesi unatosha kuipeleka ngozi kwenye ukijani, na utahangaika na profaili isiyo na hatia.
2. Kwenye programu chagua Photoshop Manages Colors, profaili ya karatasi, na njia ileile ya kubana uliyoitumia kwenye skrini.
3. Kwenye draiva ya Epson weka usimamizi wa rangi kwenye Off, No Color Adjustment. Kwenye Canon weka Matching iwe None.
4. Chagua aina ya karatasi ileile iliyoandikwa kwenye maelezo ya profaili, hata kama jina lake halifanani na karatasi uliyonunua. Aina hiyo ndiyo inayoamua wino mwingi kiasi gani umwagwe.

Hatua ya tatu ndiyo inayosahaulika. Programu ikisahihisha rangi na draiva ikasahihisha tena, picha mara nyingi huvutwa kuelekea majenta, na nyuso zikawa nyekundunyekundu. Ukiuona wekundu uliotapakaa picha nzima, kagua draiva kabla ya kugusa chochote kingine.

Usichape picha nzima. Chukua A4 moja, igawe sehemu sita, na ndani yake weka sehemu ngumu za picha: uso wa mtu mweusi kivulini, kanzu au shela kwenye jua, kitambaa chenye rangi kali, anga linalofifia taratibu, ukanda wa kijivu wa ngazi 21 kutoka 0 hadi 100, na safu ya vipande vya giza vyenye namba za RGB 0, 5, 10, 15, 20, 25 na 30. Safu hiyo ya mwisho ina thamani kuliko zote. Tazama ni kipande kipi cha kwanza kinachotengana na weusi wa 0. Kwenye karatasi isiyong'aa ngazi za chini kabisa mara nyingi humezwa, na ukishajua mpaka wako uko wapi, unajua nywele na suti zisishuke chini ya namba gani. Ukanda wa kijivu nao utakueleza kama printa ina mwelekeo wa rangi: kijivu kikiwa cha uvuguvugu (chenye wekundu au unjano) kwenye vivuli na cha ubaridi (chenye ubuluu) kwenye mwanga, kasoro iko kwenye profaili, haiko kwenye picha.

Giza likibaki baada ya kusawazisha skrini, chapa uso uleule mara sita, ukiongeza mwanga kwa hatua ndogo za stopu 0.2. Chagua kilicho sawa, kisha uweke nyongeza hiyo kwenye nakala ya uchapaji peke yake. Faili mama isiguswe.

Pwani, unyevu huipinda karatasi ndani ya trei na kichwa cha printa huikwaruza ukingoni. Karatasi ikae kwenye mfuko wake hadi dakika ya kuchapa.

Sampuli ya labu

Ukipeleka kazi labu, kipande cha nyumbani hakina uzito. Mashine kama Fuji Frontier na nyingi za Noritsu huangaza karatasi ya fedha (yenye chumvi za fedha zinazohisi mwanga) kwa leza na kuisafisha kwa kemikali, na labu nyingine sasa zina mashine kavu za wino. Tabia zake hazifanani na za printa yako wala hazifanani zenyewe kwa zenyewe. Uliza maswali matatu kabla ya kutuma chochote: mashine inasoma profaili iliyomo kwenye faili au inachukulia kila faili ni sRGB? Marekebisho ya otomatiki yanaweza kuzimwa? Je, mnayo profaili ya kunipa kwa ajili ya skrini?

Jibu la kwanza huwa sRGB mara nyingi kiasi kwamba ni salama kugeuza faili zote kabla ya kupeleka. Faili ya Adobe RGB, wigo mpana kuliko sRGB, ikisomwa kama sRGB hutoka imefifia, kijani kimekufa na ngozi imepauka. Ukiona mpauko wa namna hiyo kwenye picha zote za oda, usimlaumu fundi wa mashine. Angalia ulivyozihifadhi faili.

Swali la pili ni zito zaidi. Marekebisho ya otomatiki huipima picha na kuivuta kuelekea wastani. Picha ya bibi harusi mwenye ngozi nyeusi mbele ya pazia jeusi huonekana kwa mashine kuwa "giza mno", nayo huing'arisha hadi uso ukapoteza uhai wake. Picha ya kanzu mbele ya ukuta wa chokaa hufanyiwa kinyume, na weupe ukawa kijivu. Andika kwenye oda kwamba hutaki marekebisho, na useme kwa mdomo pia. Kisha upeleke sampuli moja ya inchi 8 kwa 12, pikseli 2400 kwa 3600, iliyogawanywa vipande sita vya inchi 4 kwa 4 kwa mpango uleule wa A4. Kwa bei ya picha moja umepata majibu sita.

Udhaifu wa njia hii ni siku. Kemikali huchoka, karatasi hubadilishwa roli, fundi wa zamu nyingine huacha marekebisho yamewashwa. Kwa oda kubwa peleka sampuli siku ileile au siku moja kabla, na uwaachie kipande ulichokikubali ili wakilinganishe nacho. Kwa labu inayokupa profaili yake, prufu ya skrini inafaa kwa kazi za kila siku, mradi umewahi kuithibitisha kwa karatasi mara moja.

Prufu ya mkataba

Hii ni dunia nyingine. Haikusudii kukupendeza, kazi yake ni kuweka mpaka wa lawama kati yako na kiwanda cha uchapaji. Hutolewa na printa ya wino iliyosawazishwa kuiga hali fulani ya ofseti, ambazo hupewa majina ya FOGRA, taasisi ya Ujerumani ya utafiti wa uchapaji: FOGRA39 kwa karatasi iliyopakwa ya kizazi cha zamani, FOGRA51 kwa karatasi zilizopakwa za sasa zenye kemikali za kung'arisha weupe, FOGRA47 au 52 kwa zisizopakwa. Pembeni lazima kuwe na ukanda wa Ugra/Fogra wenye vipande 72, uliopimwa na kubandikwa lebo ya matokeo. Karatasi isiyo na ukanda na lebo ni picha nzuri tu. Mchapaji hawezi kubanwa kwayo.

Kwanza muulize mchapaji anachapa kwa hali ipi. Kiwanda kisichojua jibu hakitaifikia prufu yako, hata uilipie vipi. Kisha ugeuze faili kwa profaili hiyo na kuangalia jumla ya wino: ISO Coated v2, profaili ya FOGRA39, inaruhusu hadi asilimia 330, toleo lake la 300 linaishia 300. Ukizidisha, vivuli havikauki kwa wakati na wino unahamia mgongo wa ukurasa wa juu yake.

Buluu ya kitenge tuliyoanza nayo inaamuliwa hapa. Sayani na majenta za ofseti haziwezi kutoa buluu kali ya skrini, na majenta ikizidi kidogo tu buluu inakuwa zambarau. Punguza majenta kwenye buluu hiyo peke yake, kwa uteuzi wa rangi, na ukubali kwamba itakuwa tulivu kuliko kitambaa chenyewe. Kama mteja ndiye mwenye kiwanda cha kitambaa, mwonyeshe prufu kabla pleti hazijatengenezwa. Na kumbuka prufu ya wino kwa kawaida haina vitone vya ofseti, kwa hiyo mawimbi yanayozuka pale nakshi ndogo za kitambaa zinapogongana na vitone hutayaona mpaka mashine iwashwe.

Kwa fotobuku ya nakala chache inayochapwa kwa mashine ya kidijitali, prufu ya mkataba ni kupoteza fedha. Agiza nakala moja kamili kwanza.

Taa

Kiwango cha ISO 3664 kinataka mwanga wa D50 (mwanga wa mchana wenye uvuguvugu kidogo kuliko D65) wa laksi 2000 kwa kulinganisha kwa makini, na laksi 500 kwa kutazama kawaida. Usipokuwa na kibanda cha namna hiyo, simama dirishani kwenye kivuli asubuhi, mbali na ukuta wa rangi na miti. Ile shela ya kijani ya mwanzo hutibika hivi: itoe chini ya tyubu, ipeleke dirishani. Ukijani ukipotea, picha ni nzima. Karatasi zenye kemikali za kung'arisha, sawa na zilizomo kwenye sabuni za kufulia, huwa na ubuluu mchana na hugeuka za njano chini ya balbu za LED zisizotoa miale ya urujuanimno, kwa hiyo picha ya maonyesho ikubaliwe chini ya taa za ukumbi wenyewe.

Ipi kwa kazi ipi

Harusi inayosafishwa labu: skrini iliyosawazishwa, faili za sRGB, sampuli moja ya vipande sita kwa labu mpya, na baada ya hapo, kama oda si kubwa, skrini peke yake mpaka labu ibadilishe mashine au karatasi. Maonyesho unayochapa mwenyewe: skrini kwa kuchagua njia ya kubana, kisha vipande viwili au vitatu kwenye karatasi ya mwisho, vitazamwe baada ya saa 24. Kalenda, kitabu au jalada la gazeti: prufu ya mkataba, na kama nakala ni nyingi, nenda kiwandani mashine ikiwashwa ukiwa na prufu hiyo mkononi. Picha ya pasipoti au ya mteja anayesubiri kwenye benchi: skrini inatosha.

Nyuma ya kila kipande utakachokikubali andika kwa penseli tarehe, karatasi, wino, jina la profaili, njia ya kubana, nyongeza ya mwanga, na taa uliyokitazamia. Kalamu ya wino inaweza kuvuja hadi upande wa picha.